Siku Nilipoinyamazisha Nyundo ya Maji

Mwalimu wa shule yetu anatunga kitabu cha mambo ya ajabu na ya fahari ya kijiji chetu cha Birchegg, na habari ya wanawake kumi na mmoja ameniachia mimi. "Andika tu kama ilivyokuwa, Mama Philomena," aliniambia, "watu wapate moyo." Nikamjibu sawa. Lakini kama anataka moyo aende kwa Adelina Ruppen, ambaye tangu siku ile hajaacha kusimulia, na kila mwaka ukuta wake unazidi kurefuka na mvua yake inazidi kuwa kali. Mimi nilikuwa na woga. Niliogopa kabla, nikaogopa wakati wenyewe, na leo nina miaka sabini na mitatu na bado naogopa nikikumbuka. Nitaandika woga huo. Mwalimu akiukataa, shauri lake.

Siku hizi maji yanapita kwenye bomba ndani ya mlima, na vijana hawajui tena maana ya kulala kwa mlio. Wakati ule maji ya mashamba yetu yalitoka kwenye barafu ya mlimani, mwendo wa saa tatu, na mahali pabaya kuliko pote palikuwa Ukuta Mwekundu. Pale hapakuwa na udongo wa kuchimba mfereji. Wazee wa zamani walitoboa mwamba, wakapachika boriti, na juu ya boriti wakalaza magogo ya msonobari yaliyochongwa kama hori la ng'ombe, moja baada ya jingine, mpaka ng'ambo. Kando ya hori palikuwa na ubao wa kukanyagia, upana wake kiatu kimoja. Chini ya ubao hapakuwa na kitu. Ukidondosha kofia, ulivuta pumzi nne kabla haijafika kwenye mawe.

Chini kidogo ya ukuta, ndani ya mfereji, palikuwa na gurudumu dogo. Maji yaliligeuza, nalo likainua nyundo ya mti na kuiangusha juu ya ubao mkavu: ko, ko, ko. Mlio ule ulifika kila nyumba. Maana yake maji yanapita, mfereji ni mzima, na mlinzi wa maji aliyeko juu yuko salama. Tulikamua ng'ombe kwa mlio ule, tulisali nao, na watoto wachanga walilala ukiwapo na kuamka ukikatika. Nyundo ikinyamaza, hapakuwa na kuulizana. Mpiga kengele alikimbilia kamba ya kanisa, na kila mwenye miguu alipanda mlima.

Lakini ikiwa inalia, hakuna aliyekwenda kumtafuta mlinzi. Hiyo ilikuwa fedheha. Mwanamume aliyefuatwa na mkewe nyundo ikilia aliulizwa mpaka uzeeni kama mkewe humfunga na kamba za viatu. Na kuigusa nyundo yenyewe lilikuwa kosa kubwa zaidi. Nyumba ya aliyeigusa ilinyimwa maji majira yote ya kiangazi, na kwetu bila maji hakuna nyasi, na bila nyasi hakuna ng'ombe atakayeuona mwaka mpya.

Baba yangu alianguka kutoka ukutani nikiwa na miaka tisa. Nyundo ilinyamaza asubuhi nikiwa namsuka mdogo wangu nywele, na mkono wangu ukabaki hewani na shungi la nywele. Basi sikuupenda ukimya, wala ukuta sikuupenda. Nilipoolewa na Severin Zurwerra nilimwambia wazi: nitakupikia, nitabeba nyasi mgongoni, nitakuzalia Mungu akijalia, lakini kule juu usinipeleke. Alicheka akasema kule juu hakuna aliyemwalika mtu.

Ilikuwa Julai ya mwaka elfu moja mia tisa thelathini na nne, na zamu ya kulinda maji ilikuwa ya nyumba yetu. Wanaume wote walikuwa ng'ambo ya bonde wakikata nyasi, mwendo wa saa mbili. Kijijini tulibaki wanawake, watoto, na mzee Alban mpiga kengele. Severin aliondoka baada ya maziwa ya asubuhi. Saa tisa alasiri ilikuwa lazima awe mezani.

Saa saba radi ilipiga juu, mvua ikamwagika kama nusu saa, kisha jua likatoka. Nyundo haikusita hata mara moja. Mama mkwe wangu, Kreszentia, alikuwa akipasua mkate wa shayiri wa miezi mitatu kwa lile panga lake la mkate, na kila akipasua nami nashtuka.

"Kaa chini, mwanangu," alisema. "Unazunguka mpaka kichwa kinaniuma."

"Amechelewa, Mama."

"Unaisikia nyundo?"

"Naisikia."

"Basi anatembea polepole. Baba yake naye alikuwa hivyohivyo, akiona ua anasimama kulitazama. Kachote maji uoshe vitambaa vya jibini, mikono ikipata kazi akili itatulia."

Nilitoka na ndoo mpaka kwenye mfereji unaopita nyuma ya nyumba. Maji ya barafu ni ya kijivu, kama yametiwa maziwa kidogo, na ukiingiza mkono mifupa inauma. Maji niliyoyaona yalikuwa mekundu ya tope. Nikajiambia ni mvua. Kisha nikaingiza mkono, na hayakuuma. Nikauacha mkono humo humo nikisubiri yaume. Yalikuwa na uvuguvugu wa mvua ya kiangazi, basi.

Niliibeba ndoo ndani nikaiweka miguuni pa mama mkwe. "Tia mkono," nikamwambia.

"Mvua imenyesha, Philomena. Ulitaka yawe divai?"

"Tia mkono, Mama."

Akatia. Nikamwona uso unabadilika, kuanzia mdomoni. Chini ya ukuta kuna korongo ambalo mvua ikizidi hufurika. Lilikuwa limefurika na kuingia mferejini, na maji yake ndiyo yaliyokuwa yakigeuza gurudumu. Maji ya barafu hayakuwamo hata tone. Kwa hiyo juu ya korongo, ukutani, mfereji ulikuwa umekatika, na nyundo ilikuwa inatudanganya kijiji kizima.

"Kamwambie Alban apige kengele," alisema mama mkwe, na sauti yake ilikuwa ya mtu mwingine.

Nilimkuta mzee Alban kwenye ngazi za kanisa akishona mkanda. Nilimweleza nikihema. Alinisikiliza mpaka mwisho, kisha akainua kidole kuelekea mlimani.

"Hiyo ni nini, binti?"

"Nyundo. Lakini inapigwa na maji ya korongo, mzee wangu. Njoo uyaguse."

"Nina miaka thelathini na moja na kamba hii. Sijawahi kuivuta nyundo ikilia. Wanaume waache nyasi zimeanikwa, wateremke bonde na kulipanda, wamkute Severin amekaa juu ya jiwe anakula jibini. Atachekwa nani?"

"Nichekwe mimi."

"Wewe utachekwa mpaka Krismasi. Mimi nitachekwa mpaka kwenye jeneza." Akarudi kwenye mkanda wake. "Nawajua wake wa walinzi. Mwezi wa kwanza wote wanasikia vifo. Nenda nyumbani. Ikinyamaza, nitakuwa nimeshaivuta kamba kabla hujageuka."

Hakuwa mtu mbaya, na hilo ndilo lililoniudhi. Ningemtukana angekuwa mbaya. Nilisimama pale, naye akinitazama kwa huruma kama mtu anayemtazama ng'ombe mgonjwa, na neno lake la mwisho likaanza kuniingia taratibu. Ikinyamaza.

Kutoka kanisani mpaka kwenye gurudumu ni robo saa ya kukimbia. Nilikimbia. Nilikuwa nikiomba njiani, na sala yangu ilikuwa ya aibu. Nilikuwa naomba nimkute Severin anateremka, anicheke, nirudi naye nyumbani, kusiwe na jambo lolote la mimi kulifanya.

Sikumkuta. Gurudumu lilikuwa likizunguka kwa nguvu, limerukiwa na tope, na nyundo inapiga karibu na sikio langu kama inagonga fuvu. Nilichomoa gogo kwenye uzio wa malisho nikalishika kwa mikono miwili. Nikasimama. Nilimwona ng'ombe wetu wa madoa akiuzwa. Nilimwona mama mkwe akipita kwenye malisho makavu bila kunisemesha. Nikatazama kona ya njia, labda atatokea sasa, labda sasa. Mwishowe nikalisukuma gogo kati ya vibao vya gurudumu, likakwaruza, likakwama.

Ukimya ulishuka, na mimi niliyeuleta nikajikunyata chini na kuziba masikio, kwa sababu ulikuwa ukimya uleule wa nilipokuwa na miaka tisa. Nilipoondoa mikono masikioni, kengele ya kanisa ilikuwa inalia. Alban alikuwa mtu wa kutimiza neno lake.

Wakaja wanawake kumi. Kila mmoja alikuwa na kamba yake ya kubebea nyasi, maana kamba hizo kwetu huning'inia mlangoni na mkono huzikamata wenyewe. Mbele yao alikuwa Adelina Ruppen, jirani yetu, mwanamke mpana kama mlango, ambaye tulikuwa hatusalimiani tangu Pasaka kwa ajili ya mbuzi. Aliliona gogo.

"Nani ameziba?"

"Mimi."

"Wewe mwanamke una wazimu? Majira yote mtakaa bila maji. Na sisi umetutoa roho. Mimi nimeacha mtoto kwenye beseni!"

"Tia mkono kwenye maji, Adelina."

Alikuwa na jibu jingine tayari mdomoni, nililiona. Lakini aliinama akatia mkono, wengine nao wakatia. Adelina aliufuta mkono kwenye sketi, akaitupa kamba begani, akatangulia.

Tulivuka korongo tukiwa tumeshikana, maji mekundu yakitufika magotini. Ng'ambo yake mfereji ulikuwa mtupu, na vijiwe vimelowa ndani yake. Kisha tukafika mwanzo wa ukuta, tukachungulia kwenye kona.

Hatua arobaini mbele, jiwe lilikuwa limeshuka na kung'oa mahori mawili pamoja na ubao wake. Palikuwa na pengo. Upande wa pili maji ya barafu yalitoka kwenye hori lililovunjika na kumwagika hewani. Katikati ya pengo ilibaki boriti moja inayotoka mwambani, na juu ya boriti ile Severin alikuwa amekaa kama mtu aliyepanda punda, kaikumbatia, na maji yanamnyeshea mgongoni. Mguu mmoja ulikuwa umegeukia upande ambao miguu haigeukii. Tulimwita. Hakuinua kichwa.

"Maji yale yanaua kabla ya mwamba," alisema mmoja wetu. "Hayafungwi ila kutoka ng'ambo."

"Na wanaume wakifika watakuta kofia," alisema Adelina. Alilitikisa hori la kwanza kwa mkono, likalia. "Mimi huko mwisho litanidondosha. Anatakiwa mwepesi."

Kumi wote walinitazama. Nilikuwa mwembamba kuliko wote, na nilikuwa mkewe.

"Siwezi," nikasema.

"Najua huwezi. Vua viatu."

Hakuna aliyewahi kupita ndani ya hori, kwa sababu siku zote lilikuwa na maji. Adelina ndiye aliyeona kwamba sasa ni kitanda chenye kingo. Tuliunganisha kamba, tukafunga ncha moja kwenye chuma kilichopigwa mwambani, nyingine kiunoni kwangu. Nililala kifudifudi nikaanza kutambaa. Nyuma yangu Adelina alinishika vifundo vya miguu, aliyemfuata akamshika yeye, na hivyo hivyo mpaka kona, wanawake wamelala ndani ya magogo kama soseji. Hori lililegea kila tulipohamisha uzito. Kati ya gogo na gogo palikuwa na ufa mpana wa vidole viwili, na kupitia ufa wa kwanza niliona chini.

Sitasema uongo katika kitabu cha shule. Nilijikojolea.

"Bibie," ilisema sauti ya Adelina miguuni, "hayo ni ya mvua?"

"Hapana."

"Haya. Endelea, nilishalowa tangu korongoni."

Nililia kwa sauti njia nzima. Nilimwita baba yangu, nikamwomba msamaha sijui kwa kosa gani. Nilifika mwisho wa gogo la mwisho, nikatoa kichwa nje, na Severin alikuwa hatua tatu kutoka kwangu, chini kidogo. Uso wake ulikuwa wa rangi ya jivu. Macho yalikuwa wazi, na hayakuwa yananiangalia.

Nilikuwa na kamba ya pili, imepita chini ya tumbo langu na kurudi mikononi mwa wenzangu. Kamba ya nyasi ina kishikizo cha mti kwenye ncha, kizito kidogo, na hii nilikuwa nimeifunga kitanzi kikubwa. Niliirusha, ikapita mbali. Niliirusha tena, kishikizo kikampiga begani, naye akainua kichwa taratibu kama mtu anayeamshwa kwa kazi asiyoitaka. Mara ya tatu kitanzi kilimwangukia mkononi.

"Vaa," nilimwambia. "Kichwa na bega. Severin. Vaa."

Vidole havikumtii. Aliisukuma kamba kwa kidevu, kwa meno, kwa kiwiko, na mara mbili nikaona anateleza. Hatimaye kitanzi kilipita kichwani na chini ya kwapa. Sasa ilibidi aachie boriti, kwa hiari yake, ashuke hewani akitutegemea wanawake kumi na mmoja waliolala kwenye hori bovu. Alinitazama. Mara ile moja alinitazama kweli.

"Achia," nikasema. Sijawahi kusema neno lililonitisha kuliko hilo.

Aliachia. Kamba ilinibana tumbo, hori likalia, kifua changu kikabamizwa kwenye ukingo na ubavu mmoja ukavunjika, niliusikia. Adelina alinguruma nyuma yangu. Severin alibembea chini yetu, akagonga mwamba, akagonga tena. Kisha mikono ikaanza kuvuta, mmoja akiita na wote wakivuta, kama tunavyovuta mzigo wa nyasi juu ya mteremko. Alipanda kiganja kwa kiganja. Nilipomshika nywele sikuziachia mpaka tulipokuwa wote kwenye udongo.

Pale kwenye udongo tulimvua nguo zote bila haya, tukamfunika kwa sketi zetu, na Adelina akamlalia ubavuni kumpa joto huku akiniambia nisije nikaleta wivu. Meno ya Severin yaligongana kwa muda mrefu. Maneno yalipomjia, alisema hivi.

"Nilikuwa naisikia nyundo. Muda wote. Nikajua hakuna atakayekuja." Akapumzika. "Mikono ilikuwa imekufa. Nikajiambia nihesabu mapigo mia mbili, kisha niachie, yaishe. Nilifika mia moja na tisini na moja, ikanyamaza. Nikasema, basi wanakuja. Nikashika tena."

Wanawake walilia. Adelina aliniuma bega kwa furaha, kovu ninalo.

Mkutano wa kijiji ulikaa Jumapili baada ya misa, ukatusamehe adhabu kwa sauti zote isipokuwa moja, na Alban akatuletea jibini zima akiwa hawezi kunitazama. Severin alipoteza vidole vitatu na akabaki akichechemea. Tuliishi pamoja miaka arobaini na minane baada ya pale, akazikwa majira ya baridi ya mwaka juzi. Kila mwaka Adelina alisimulia na kila mwaka alipofika kwenye mia moja na tisini na moja watu walishika vichwa, wakanitazama, wakasema nimewahi. Severin naye alinishika mkono mbele yao. Hakuniuliza jambo, na mimi sikulisema.

Ile nyundo ilipiga kama moyo wa mtu aliyetulia, polepole kidogo tu. Mapigo mia mbili ni dakika tatu au nne. Nami pale kwenye gurudumu, na gogo mkononi, nikimfikiria ng'ombe wa madoa na uso wa mama mkwe, nilisimama zaidi ya hapo. Alianza moja nikiwa nimesimama. Alifika hamsini nimesimama. Alifika mia, na mia na hamsini, mume wangu akihesabu kifo chake kwa mlio nilioweza kuukata kwa kunyoosha mikono, nami nilikuwa bado nasubiri atokee kwenye kona.